Usimkate Mshahara Aliyeporwa Kazini
(Mhadhara kwa wenye maduka na vituo vya mafuta, Arusha)

Wakubwa zangu shikamooni, na wenzangu habari za mchana. Nimetoka Moshi alfajiri kuja kuwaambia jambo moja. Sikulisomea, nilikaa kaunta ya sheli miaka sita, na humo ndimo nilimojifunzia.

Ilikuwa wiki ya mwisho ya Desemba. Mnaijua Moshi ya Desemba: watu wamepanda kutoka Dar, pampu hazipumziki, droo inafura. Saa tatu usiku wakaingia vijana wawili. Mmoja akalilaza panga juu ya kitabu cha risiti, taratibu kabisa, akasema, "Dada, toa zote." Nikatoa. Hadi leo naiona ile kutu karibu na mpini. Niliwapa hata sarafu.

Bosi alifika baada ya nusu saa. Alinipita, akaenda kuvuta droo, akachungulia, ndipo akanigeukia: "Shilingi ngapi?" Kesho yake jina langu likaandikwa kwenye daftari la shoti, yaani la pesa zilizopungua, kwa kalamu nyekundu. Nilikatwa miezi minane.

Kilichofuata ndicho kilichonileta hapa. Mwenzangu wa zamu, kijana mdogo, aliyaona makato yale kila mwisho wa mwezi. Wezi waliporudi, akaukumbatia mkoba wa mauzo, akagoma kuuachia. Wakamkata mkono. Tukiwa njiani kwenda polisi kuchukua PF3, ile fomu ya majeruhi kupelekea hospitali, kanga yangu imelowa damu yake, alikuwa akirudia tu, "Dada, hela zipo. Hesabu, zote zipo."

Hakuna aliyemwagiza apambane. Yalimwagiza makato yangu.

Najua wengine mnasema moyoni, "Huenda ni mchezo wa ndani." Hutokea, sikatai. Basi waiteni polisi wachunguze. Lakini mkato wa mshahara haumkamati mwizi wa ndani. Yeye ameshapata mgawo wake, shoti haimuumi. Anayeumia ni yule aliyetetemeka kweli, anayerudi nyumbani na nusu ya ada ya mtoto.

Na sheria haiko upande wenu katika hili. Someni kifungu cha 28 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004. Mkato wa hasara sharti hasara iwe imetokana na kosa la mfanyakazi mwenyewe, aelezwe kwa maandishi sababu na kiasi, apewe nafasi ya kupinga, na makato yasizidi robo ya ujira wake. Kuwekewa panga mbele ya uso ni kosa gani? Mimi sikuandikiwa hata kipande cha karatasi.

Kuhusu majeruhi, upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, na mchango wake ni wa mwajiri peke yake. Wa yule kijana haukuwahi kulipwa. Gharama za kushonwa mkono tulichangishana sisi wa zamu.

Mambo ya taa, ya kushusha pesa kwenye sefu mara kwa mara na ufunguo usikae kwa mhudumu, ya kutopeleka pesa benki saa ile ile kila siku, mengi mnayajua, na mlinzi wenu atawaeleza vizuri kuliko mimi. Msilolijua ni siku ya pili. Mimi nilirudishwa kaunta asubuhi yake. Kila bodaboda iliyozima injini pale nje, viganja vilinilowa jasho. Nikawa nakosea chenji, na chenji ile nayo ikaandikwa shoti. Mpeni mtu siku kadhaa. Mkalisheni chini, mumuulize amelalaje, kabla hamjamuuliza habari ya droo. Akirudi, asikae peke yake usiku.

Nimekuja na karatasi hizi, zina mistari miwili tu: "Ukitishiwa silaha, toa kila kitu. Hutakatwa hata shilingi." Chini kuna nafasi ya saini yako mwajiri na mhuri wa biashara. Nawasihi, kila mmoja achukue kwa idadi ya watu wake, azijaze, amkabidhi kila anayekaa kaunta nakala yake mkononi. Zipo kwenye meza ya mlangoni, na kalamu zipo.