Dumu la Maji, Kinu na Mahali pa Kukutana: Kujiandaa kwa Dharura ya Vita Tukiwa Dodoma

Ndugu mtazamaji, karibu. Tupo uani katika nyumba moja ya Nkuhungu, hapa jijini Dodoma, na mbele yangu kuna madumu matatu ya lita 20 na pipa moja la lita 200. Huenda unajiuliza vita vinatuhusu nini sisi tunaokaa katikati ya nchi, mbali na kila mpaka. Mwaka 2022 vita vya Ukraine vilipandisha bei ya petroli hapa kwetu hadi ikavuka shilingi 3,000 kwa lita, na baada ya vita vya Kagera vya mwaka 1978 na 1979 wazee wetu walifunga mkanda kwa miaka, wakipanga foleni ya sukari na sabuni katika miji ambayo haikuangukiwa na bomu hata moja. Kwa mtu wa Dodoma, basi, vita hufika kwanza kama upungufu, na ndiyo maana sitakufundisha kuchimba handaki. Tutaanza na maji.

Sehemu kubwa ya maji ya jiji hili husukumwa kwa pampu za umeme kutoka visima vya Mzakwe, kwa hiyo umeme ukikatika kwa siku kadhaa, bomba nalo hukauka. Kiwango kinachotumiwa na mashirika ya misaada ni lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku, na kati ya hizo takribani tatu ni za kunywa. Familia ya watu watano kwa siku tatu itahitaji lita 225: za kunywa zitaenea katika madumu haya matatu, na za kupikia na kuogea zitakaa katika pipa.

Sogea karibu uone. Dumu hili lilikuwa la mafuta ya kula, na nimelisugua kwa maji ya moto na sabuni mara mbili mpaka utelezi ukaisha. Dumu lililowahi kubeba petroli au dawa ya kuogeshea mifugo usilitumie kwa maji ya kunywa, hata ukilisugua mwezi mzima. Sasa ninachukua dawa ya klorini ya kufulia nguo nyeupe, isiyo na manukato wala rangi, ambayo lebo yake inaonyesha nguvu ya asilimia 5. Kipimo ni matone mawili kwa kila lita, yaani matone 40 kwa dumu zima. Badala ya kuhesabu matone nikapotea njiani, ninatumia bomba la sindano lisilo na sindano, ninavuta mililita 2, ninamimina na kutikisa. Maji yakiwa na tope, yachuje kwanza kwa kanga safi iliyokunjwa mara nne, kisha zidisha kipimo mara mbili. Ikiwa dawa yako ina nguvu pungufu ya hiyo, ni salama zaidi kutumia vidonge vya kutibu maji kwa kufuata maelekezo ya pakiti. Tunasubiri dakika 30, na wakati tunasubiri tuendelee na mengine.

Kuhusu chakula, Wagogo hawahitaji kufundishwa na mtu, maana mvua yetu ni ya msimu mmoja na kiangazi ni kirefu. Mlenda mkavu ni mwepesi, hukaa muda mrefu na huiva kwa mkaa kidogo. Uwele na mtama uhifadhi katika mifuko ya tabaka tatu isiyopitisha hewa. Jambo ambalo wengi hulisahau ni kwamba nafaka isiyosagwa haigeuki ugali wakati mashine imezimika, kwa hiyo weka unga wa wiki moja, na kile kinu cha bibi kilichogeuzwa kigoda kirudishe jikoni pamoja na mchi wake.

Hatua inayofuata haihitaji fedha. Usiku wa tarehe 16 Februari 2011 ghala la silaha lililipuka Gongo la Mboto, Dar es Salaam. Havikuwa vita, lakini watu walikimbia gizani kila mmoja upande wake, na wazazi wakapoteana na watoto. Chagueni leo mahali pawili pa kukutana, pa kwanza karibu na nyumba na pa pili nje ya mtaa, na kila mtoto akariri namba ya ndugu mmoja anayeishi mkoa mwingine. Mwambieni pia kwamba chuma chochote kigeni kilicholala ardhini hakiguswi. Anarudi kwa njia aliyojia na kumwita mtu mzima, naye atapiga 112.

Redio ya betri, noti ndogondogo na nakala za vyeti ndani ya mfuko wa plastiki havihitaji maelezo marefu.

Kwa upande wa serikali, Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati za maafa kuanzia taifa hadi ngazi ya chini kabisa. Nenda ofisi ya mtendaji ukaulize wajumbe wa kamati yenu ni akina nani, na jenereta za visima zina dizeli ya siku ngapi. Itifaki ya Kwanza ya Geneva ya mwaka 1977, yaani mkataba wa kimataifa wa kuwalinda raia vitani, inazitaka serikali, kadiri inavyowezekana, zisiweke shabaha za kijeshi ndani au karibu na makazi yenye watu wengi, na kazi hiyo hufanywa wakati wa amani, viwanja vinapopimwa. Sweden ilituma kijitabu cha maelekezo ya vita kwa kila kaya mwaka 2018, ikarudia mwaka 2024. Naona karatasi moja iliyobandikwa nyuma ya mlango inafaa kuliko mpango mnene uliofungiwa kabatini.

Dakika 30 zimetimia. Ninafungua dumu na kunusa: harufu ya klorini ipo kwa mbali, kwa hiyo maji yako tayari. Kama isingekuwepo, ningerudia kipimo kilekile na kusubiri dakika 15. Ninafunga kifuniko, ninaandika tarehe ya leo, na ya kubadilisha maji baada ya miezi sita, kisha ninalisogeza dumu ndani, kwa sababu jua la Dodoma huimaliza klorini upesi.