Mkalimani wa Bure Hayupo

Wenzangu, humu ndani wengi wenu ni mawakili, makarani wa mahakama na wanafunzi wa tafsiri na ukalimani, kwa hiyo Katiba ya Kenya sitawafundisha. Kifungu cha 50(2)(m) mnakijua: mshtakiwa ana haki ya kusaidiwa na mkalimani bila malipo iwapo haielewi lugha inayotumika katika kesi yake. Maneno hayo yapo tangu 2010. Na tangu 2010 nauliza swali moja kila ninapopewa kipaza sauti, nanyi leo mtanivumilia nikiliuliza tena. Bila malipo kwa nani?

Kwa mshtakiwa. Katiba haikusema mkalimani asilipwe. Haikusema kazi hiyo apewe yeyote aliyeketi karibu na mlango. Serikali ilibebeshwa gharama, na serikali imeishusha gharama hiyo kimyakimya ikamtwika karani wa mahakama, ambaye asubuhi anapanga mafaili, anaita kesi, anaandika tarehe za kutajwa, anatafuta jalada lililopotea, halafu anageuzwa mkalimani wa Kiingereza, Kiswahili na lugha yoyote itakayoingia kizimbani siku hiyo. Hakufunzwa ukalimani, na halipwi nyongeza kwa sababu ya ukalimani. Akikosea, hakuna anayejua, maana aliyekosewa hana lugha ya kulalamikia.

Niwaeleze kesi ambayo baadhi yenu mmeshanisikia nikiisimulia. Nitaisimulia mpaka mambo yabadilike.

Ilikuwa mahakama ya hakimu huko kaskazini, sitaitaja. Mzee mmoja, mfugaji, ameshtakiwa kwa kumjeruhi mtu katika ugomvi wa kisima. Hati ya mashtaka imeandikwa kwa Kiingereza. Karani, kijana mwenye bidii aliyehamishiwa huko kutoka magharibi ya nchi, anaisoma kwa Kiswahili. Mzee anamtazama tu. Karani anajaribu maneno machache ya Kiborana aliyookota sokoni, anakwama. Hakimu ana kesi nyingi mbele yake, anauliza kama kuna mtu wa kusaidia. Askari mmoja anasimama. Askari huyo ni wa kituo kilekile kilichomkamata mzee. Hakuna anayeliona hilo kuwa tatizo. Askari anazungumza na mzee, mzee anajibu. Anajibu kwa kirefu, ananyoosha mkono, anaonyesha bega lake, anahesabu kwa vidole. Akimaliza, askari anamgeukia hakimu: "Anasema ni kweli."

Hakimu akaandika: ni kweli. Kiongozi wa mashtaka akasoma maelezo ya kesi, askari akafasiri nusu yake, mzee akaitikia kwa kichwa kama mtu yeyote anavyoitikia mbele ya wakubwa. Akahukumiwa siku hiyohiyo, akaenda gerezani.

Rufaa ilipofika mikononi mwangu nilimwendea mzee nikiwa na mkalimani ambaye Kiborana ni lugha yake ya kuzaliwa. Nikamwuliza alimjibu nini yule askari. Hakusita. "Nilisema ni kweli tulipigana. Nikasema walikuwa watatu, wamesimama kwenye njia ya kisima, mifugo yangu ina kiu. Mmoja akanipiga hapa begani. Nikajikinga kwa fimbo yangu." Basi. Kujikinga ni utetezi kamili katika sheria. Mtu huyu hakukiri kosa, alikana, tena alikana kwa ufasaha. Maneno yaliyomtetea yalitoka kinywani mwake yakafia katikati ya mahakama.

Sheria haikuwa na upungufu wowote, na hapa ndipo hasira yangu hunipanda. Tangu 1973, katika kesi ya Adan dhidi ya Jamhuri, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishaweka hatua zote: shtaka na viini vyake vyote aelezwe mshtakiwa kwa lugha yake au lugha anayoielewa; maneno yake mwenyewe yaandikwe; yakiwa ni ya kukiri ndipo ikubaliwe kuwa amekiri; kisha maelezo ya kesi yasomwe naye apewe nafasi ya kuyapinga au kuongeza. Sehemu ya 198 ya Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai nayo inasema ushahidi ufasiriwe mbele ya mahakama kwa lugha anayoielewa mshtakiwa. Zaidi ya nusu karne! Kila hakimu nchini anaijua kesi ya Adan. Sasa maneno ya mshtakiwa yataandikwaje kama hakuna aliyeajiriwa kuyaleta yakiwa mazima?

Kwenye rufaa, jaji aliangalia kumbukumbu za kesi: hazikuonyesha ni lugha gani iliyotumika wala mkalimani alikuwa nani. Hukumu ikatenguliwa. Ikaamriwa kesi ianze upya mbele ya hakimu mwingine. Sasa nisaidieni kupiga hesabu. Serikali ililipia chakula na ulinzi wa mzee gerezani muda wote huo. Ililipia kuchapa kumbukumbu za kesi, muda wa jaji, muda wa kiongozi wa mashtaka kwenye rufaa, gari la kumleta na kumrudisha. Kisha ikalipia kesi ya pili: hakimu mwingine, mashahidi kuitwa kutoka malishoni, daktari kuacha wagonjwa aje kueleza jeraha la zamani. Na katika kesi hiyo ya pili hatimaye akatafutwa mkalimani wa kweli, akalipwa. Yaani mwisho wa yote fedha za mkalimani zilitoka vilevile. Zilitoka zikiwa zimechelewa, na baada ya kulipia kesi moja mara mbili.

Na aliyejeruhiwa je? Maana naye ni raia, naye alikuwa na haki ya kuona kesi inaamuliwa mara moja kwa haki. Kila tunapozungumzia ukalimani watu hudhani tunamtetea mshtakiwa peke yake. Shahidi asiyeeleweka anapoteza. Mlalamishi anapoteza.

Sasa najua swali linalokuja, maana kwenye kamati za bajeti huwa linakuja kabla sijakaa: Kenya ina lugha zaidi ya 40, serikali itamwajiri mkalimani wa kila lugha katika kila mahakama? Hakuna aliyeomba hilo. Hili ni jibu la mtu anayetaka kukataa bila kufikiri. Lodwar inahitaji Kiturkana kila siku ya wiki. Garissa na Wajir zinahitaji Kisomali. Marsabit inahitaji Kiborana na Kirendille, Kapenguria inahitaji Kipokot. Hayo hayahitaji utafiti, mtu yeyote aliyeketi kwenye mabenchi ya mahakama hizo kwa asubuhi moja ameyasikia. Kwa lugha ya mahali, ajiri wakalimani wa kudumu, wenye mafunzo, wenye kiapo, wenye cheo chao. Kwa lugha zinazokuja kwa nadra, weka orodha ya taifa ya wakalimani waliopimwa, walipwe kwa kikao. Na tangu 2020, korona ilipotulazimisha kusikiliza kesi kwa video, hakuna tena sababu ya kusema mkalimani wa Kirendille yuko mbali. Kama mshtakiwa anaweza kusomewa shtaka akiwa rumande mbele ya skrini, mkalimani naye anaweza kuonekana kwenye skrini hiyohiyo.

Wa pili huniambia: lakini kila mtu anajua Kiswahili. Mimi Kiswahili ndicho kinachonilisha na ndicho ninachowahutubia nacho sasa. Lakini Kiswahili cha kununulia sukari na unga si Kiswahili cha kuhojiwa na wakili anayetaka ujikanganye. Nendeni mkamsikilize mama wa kijijini Loima, Turkana, akiulizwa kwa Kiswahili cha mahakamani kama alikuwapo wakati mshtakiwa "alipotenda tendo linalodaiwa kinyume cha sheria." Atasema ndiyo. Atasema ndiyo kwa kila kitu, mradi atoke pale.

Na msinijibu kwa Tanzania. Naiheshimu sana hatua yao ya 2021, walipobadilisha sheria na kukifanya Kiswahili lugha ya sheria na ya mahakama. Ilikuwa imechelewa, na sisi tumechelewa zaidi yao. Lakini hata hiyo haimwondolei serikali wajibu kwa mzee wa Kihadzabe au kwa kiziwi. Lugha ya taifa inapunguza idadi ya wanaohitaji mkalimani, haiimalizi.

Wa tatu husema fedha hazipo. Huyu ndiye ninayependa kumjibu, kwa sababu jibu lake liko Mombasa.

Mwaka 2006 mahakama ya Mombasa iliwahukumu Wasomali 10 kwa uharamia, kila mmoja kifungo cha miaka 7. Walikuwa wamekamatwa na jeshi la majini la Marekani. Kisha kati ya mwisho wa 2008 na 2009 Kenya ikawekeana mikataba na Uingereza, Marekani na Umoja wa Ulaya, tukaanza kupokea washukiwa wa uharamia mpaka wakapita 100. Mataifa yale yalitaka hukumu zisizoweza kutenguliwa. Yalijua kwamba wakili wa kwanza atakayesimama kwenye rufaa ataangalia kama mshtakiwa alielewa kesi. Basi fedha zikaja kupitia ofisi ya Umoja wa Mataifa inayoshughulikia dawa za kulevya na uhalifu: za mawakili wa utetezi, za kusafirisha mashahidi, za wakalimani, na mwaka 2010 kikafunguliwa chumba kipya cha mahakama pale Shimo la Tewa, penye gereza. Walifanya sawasawa kabisa. Sina neno dhidi yao. Ninachouliza ni hiki: Mkenya anayezungumza Kisomali, aliyezaliwa Garissa, anayeshtakiwa kwa wizi wa mbuzi, kwa nini asimamiwe na karani aliyeitwa ghafla, wakati mharamia aliyekamatwa baharini alikuwa na mkalimani aliyepangiwa fedha? Tulionyesha sisi wenyewe kwamba tunaweza. Kilichokosekana kwa mshtakiwa wa mbuzi ni mtu mwenye nguvu anayetaka kesi yake iende sawa.

Naona natakiwa kuharakisha. Basi onyo moja kwa wale watakaosema, vema, tutoe zabuni, kampuni moja ituletee wakalimani wote kwa bei nafuu. Uingereza walifanya hivyo. Wizara yao ya sheria iliikabidhi kampuni moja kazi ya ukalimani wa mahakama, viwango vya malipo vikashushwa, na mfumo ukaanza Januari 30, 2012. Wakalimani wazoefu wakagoma. Kamati ya hesabu za serikali ya bunge lao ilikuta kwamba siku ile ya kuanza kampuni ilikuwa na wakalimani 280 tayari, ilhali waliohitajika walikuwa 1,200. Kesi zikaahirishwa, washtakiwa wakarudishwa rumande. Hiyo ni nchi yenye fedha. Ukimpunja mkalimani, unabaki na wale tu wasioweza kupata kazi nyingine, halafu unawakabidhi uhuru wa watu.

Kuhusu kumbukumbu za kesi nilikuwa na mengi, nitasema moja tu. Kesi inasikilizwa kwa Kiswahili, hakimu anaandika kwa Kiingereza. Hakimu mwenyewe ndiye mfasiri, na tafsiri yake haikaguliwi na mtu, nayo ndiyo inayosomwa kwenye rufaa. Rekodini sauti. Vifaa vipo na bei yake si kubwa.

Hospitali. Muuguzi anapomwita mfagiaji aje amfasirie mama mjamzito, au mtoto wa darasa la tano anapomfasiria mama yake maswali ya daktari kuhusu uzazi, hapo pia serikali imepata mkalimani "wa bure". Marekani, mwaka 2002, ofisi ya bajeti ya rais wao ilikadiria kwamba huduma za ukalimani zingeongeza wastani wa dola 4.04 kwa kila ziara ya mgonjwa, yaani nusu ya asilimia 1 ya gharama. Hesabu ya namna hiyo hapa kwetu ingeweza kufanywa na Hazina pamoja na kaunti wakiamua.

Lugha ya Ishara ya Kenya: Kifungu cha 120 cha Katiba kinaitaja kuwa lugha rasmi ya Bunge, sawa na Kiswahili na Kiingereza. Kiziwi aliyebakwa anakwenda kituo cha polisi na kukuta hakuna hata mmoja anayeweza kuandika taarifa yake. Bungeni ni rasmi, kituoni haipo. Hilo linahitaji mhadhara wake, na ningependa autoe kiziwi mwenyewe.

La kufanya. Kifungu cha 173 kinampa Msajili Mkuu wa Mahakama kazi ya kuandaa makadirio ya matumizi ya Idara ya Mahakama na kuyapeleka Bunge la Taifa, na Kifungu cha 221 kinailazimu kamati ya Bunge kusikiliza maoni ya wananchi kabla ya kuyapitisha. Mahakama hupata chini ya asilimia 1 ya bajeti ya taifa, na ninajua Msajili ana mashimo mengi ya kuziba. Hata hivyo nataka ukalimani uwe na mstari wake wenyewe katika makadirio hayo, wenye tarakimu inayosomeka, usifichwe ndani ya mishahara ya makarani. Fedha zisizo na mstari hakuna anayeulizwa zilikokwenda. Makadirio huwasilishwa ifikapo Aprili 30. Wanafunzi, nendeni kwenye vikao vile mkaulize mstari wa ukalimani uko ukurasa gani. Mawakili, kila mnapokata rufaa kwa sababu ya ukalimani, andikeni kwenye hoja zenu mshtakiwa alikaa gerezani muda gani, ili siku moja mtu ajumlishe. Makarani, mkiitwa kufasiri lugha msiyoimudu, semeni waziwazi mbele ya mahakama kwamba hamuimudu, na ombeni iandikwe. Hakuna hakimu mwenye akili atakayewaadhibu kwa hilo.

Suala la viwango vya malipo kwa kikao nimeliacha, tutalichukua kwenye maswali. Naona dada pale nyuma ameinua mkono tangu nilipotaja hospitali. Karibu, dada, tafadhali mpeni kipaza sauti.