Nani Atausoma Mto? Mhadhara kwa waongoza watalii kuhusu boti za jeti

Ndugu mwenyekiti, walimu wenzangu, na nyinyi wanangu mnaomaliza kozi mwaka huu, asanteni kwa kuniita tena. Walionisikia huko nyuma wanajua nitasema nini. Nitalisema vilevile, kwa sababu bado sijaona likifanyiwa kazi.

Kila anayetazama video za boti za jeti za New Zealand, boti zinazosukumwa na maji yanayotoka nyuma kwa nguvu, zile zinazopenya kwenye magenge ya miamba huku watalii wakipiga mayowe, swali lake la kwanza ni moja: ile boti bei gani? Mwekezaji ananiuliza hivyo, ofisa ananiuliza hivyo, hata nyinyi mkinisimamisha kule nje mnaniuliza hivyohivyo. Hakuna anayeniuliza la pili. Yule aliyeshika usukani alifundishwa na nani? Amekaa na mto ule muda gani kabla ya kukabidhiwa roho za watu? Leo nataka tukae hapo, kwenye swali la pili.

Habari za mtambo nitazipitia mbiombio. Bill Hamilton alikuwa mfugaji wa kondoo pale Irishman Creek, katika nyanda za Mackenzie, Kisiwa cha Kusini. Mito ya kule inashuka kutoka milimani na kutandaa juu ya kokoto, mipana lakini ya kina kifupi. Propela ikigonga jiwe moja, safari imekwisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 akaanza kutafuta njia ya kupanda mito hiyo. Wazo la kusukuma chombo kwa mkondo wa maji halikuwa lake, na wala hakudai ni lake. Alianzia kwenye mtambo uliokwisha kutengenezwa Marekani. Alichofanya yeye ni kuutoa mdomo wa bomba chini ya boti na kuuweka nyuma, juu ya usawa wa maji. Badiliko lenyewe ukilitazama ni dogo, lakini ndilo lililoipa boti mbio. Maji yanafyonzwa kupitia tundu tumboni mwa boti, yanasukumwa na panga lililofichwa ndani ya bomba, yanatoka nyuma kwa nguvu. Chini hakuna kinachoning'inia. Mwaka 1960 boti zake zilipanda Mto Colorado ndani ya Grand Canyon, zikienda kinyume cha mkondo, na mwanawe Jon akiwa mmoja wa walioziendesha. Mwaka 1977 Edmund Hillary, yule wa Everest, aliupanda Mto Ganges kwa boti za aina hiyo kutoka baharini mpaka maporomoko yalipomzuia karibu na Nandaprayag, ndani ya Himalaya.

Basi. Historia inatosha. Sasa naomba simu ziwekwe chini, kwa sababu hapa ndipo penyewe.

Boti ya jeti haina usukani unaozama majini. Inageuzwa na yaleyale maji yanayotoka nyuma: dereva akiuelekeza mkondo upande, boti inafuata. Maana yake ni nini? Maana yake ni kwamba ukiondoa mguu kwenye mafuta, mkondo unakatika, na uwezo wako wa kugeuza unakatika papo hapo. Boti inaendelea kuteleza kule ilikokuwa inakwenda. Binadamu yeyote akiona jabali mbele, mguu unaruka wenyewe. Ndivyo tulivyoumbwa, ndivyo tulivyozoea kwenye gari. Mtoni, kwenye jeti, mguu huo ukiruka umelifuata jabali. Dereva wa jeti anafundishwa kwenda kinyume cha silika yake: hatari ikiwa mbele, ongeza mafuta, geuza.

Na kuna la pili linaloshikamana na hilo. Boti ikiwa kwenye mwendo inainuka na kuteleza juu ya uso wa maji. Hapo inaweza kupita kwenye maji ya kina cha kama sentimita 10, chini ya kiganja. Ikipunguza mwendo inakalia tumbo lake, na hiyo sentimita 10 haitoshi tena hata kidogo. Kwa hiyo penye maji machache, pale hasa ambapo wewe ungetaka kwenda taratibu, ndipo usipoweza kwenda taratibu. Huwezi kusimama katikati ya kokoto ufikirie. Uamuzi unatakiwa uwe umefanyika mita mia nyuma, kwa macho. Mimi hili ndilo ninaloliita kazi. Mengine yote, injini, rangi, viti, ni ununuzi.

Nimeupanda Mto Dart, ule ambao Wamaori, wenyeji wa asili wa New Zealand, wanauita Te Awa Whakatipu. Maji yake yanaanzia kwenye barafu ya Dart ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Mount Aspiring, na unamwaga kwenye Ziwa Wakatipu, karibu na mji mdogo wa Glenorchy, kilomita 45 hivi kutoka Queenstown. Watalii wanachukuliwa kwa basi mpaka mahali panapoitwa Paradise, wanatembezwa kwenye msitu wa miti ya bichi, halafu wanavalishwa majaketi ya kujiokolea na kupanda boti. Niliomba kiti cha mbele, nyuma kidogo ya dereva, kwa sababu milima nilikuwa nimeshaiona. Nilitaka kumtazama mtu.

Maji ya Dart yana rangi ya kijivu inayokimbilia kwenye buluu, kwa sababu barafu inasaga mawe na unga wake unaelea. Sasa fikirini: mto wenye maji ya vumbi la mawe, chini huoni kitu. Na si mto mmoja. Ni vijito vingi vinavyogawana kitanda kipana cha kokoto, vinaachana, vinakutana, vinaachana tena. Kila mgawanyiko ni swali: kushoto au kulia? Chagua kibaya, kijito kinakuishia mbele ya macho na boti imejaa watu.

Nilimtazama yule kijana kwa makini. Hakuwa akitazama pua ya boti hata mara moja. Macho yake yalikuwa mbali, kwenye mgawanyiko wa pili, wakati sisi bado tunaingia wa kwanza. Baadaye tulipozima injini kwenye ukingo nikamuuliza anatazama nini. Akaniambia anatazama ngozi ya maji. Penye viwimbi vidogovidogo vingi, maji ni machache. Penye ulimi laini unaochongoka kuelekea mto unakokwenda, hapo ndipo mfereji wenye kina. Ncha ikigeuka, ikielekea juu mto unakotoka, usiende, kuna jiwe linaupasua mkondo. Na penye kivimbe laini chenye povu nyuma yake, jiwe liko chini ya uso, limefunikwa kidogo tu. Huyo kijana hakutoa maelezo hayo kama mtu anayekumbuka somo. Alikuwa ananyoosha kidole: pale, pale, na pale.

Halafu likatokea jambo ambalo abiria wengi hawakuligundua. Tulipokuwa tukirudi, tulipita mahali pembamba, kokoto zikagonga chini ya boti. Mlio wa injini ukabadilika, ukapanda juu kidogo, lakini boti haikuongeza mwendo. Ikawa inapiga kelele bila kusukuma. Kokoto zilikuwa zimekaa kwenye wavu wa tundu la kufyonzea maji. Watu wakaendelea kupiga picha. Yeye alikuwa ameshageuza kuelekea kwenye maji yaliyotulia pembeni, akaegesha, akafungua mfuniko nyuma, akaingiza mkono mpaka begani, akatoa mawe mawili na kipande cha mti. Akamwonyesha mtoto mmoja yale mawe, akamweleza yametoka mlima gani. Akafunga, tukaondoka. Aliusikia ule mlio kabla haujawa tatizo, na alijua maji matulivu ya karibu yako wapi kabla hajayahitaji. Ndipo nilipoona nauli yangu imekwenda wapi.

Naona mkono kule nyuma. Ndiyo, najua utaniuliza nini, huulizwa kila mahali: siku hizi si kuna ramani za setilaiti, kuna GPS, kwa nini tusichore njia tukaifuata? Mwanangu, ramani ya mto wa namna ile inakufa kila mvua inyeshapo. Mvua za kutoka magharibi zikishika milima ya kule, mto unajaa, kokoto zinahama, na kijito ulichopita jana leo ni kisiwa. Januari 2014, kwenye bonde la juu la Dart, mahali panapoitwa Slip Stream, mlima ulimwaga mawe na tope mpaka mto ukazibwa na ziwa jipya likatokea. Ziwa! Mahali ambapo watu walikuwa wakipita kwa miguu. Ramani gani ingekuonya? Madereva wa kule wanaambiana kwa redio hali ya mto, wa mbele akimwambia wa nyuma. Maarifa yanatoka kwa mtu kwenda kwa mtu, siku ileile. Mashine iwepo, sikatai, lakini isishike nafasi ya macho.

Mwingine atasema, Mwalimu, unasifia boti zinazopiga kelele porini na kuua ndege. Hoja hiyo naiheshimu, na nina hasira na wanaoipuuza. Kwenye kokoto za mito ya Kisiwa cha Kusini hutaga ndege ambao hawana makao mengine ya kuzalia. Yuko tarapirohe, mwenye kofia nyeusi na mdomo wa rangi ya chungwa, ambaye ni adimu na anataga juu ya kokoto tupu wakati wa majira yao ya kuchipua. Wimbi la boti likipanda kwenye kisiwa cha kokoto, mayai yamekwenda. Kwa hiyo anayeendesha anatakiwa ajue viota viko wapi na mwezi gani, apite mbali. Mnaona tunarudi palepale? Hata kuwalinda ndege ni suala la nani ameshika usukani na anajua nini.

Na tafadhali, msichanganye mambo mawili. Kuna mbio za Mto Shotover, ndani ya genge jembamba, boti ikipita kando ya mwamba kwa zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Ile ni burudani, na madereva wake ni hodari kwelikweli. Kuna na safari ya Dart, ambayo inakupeleka mahali. Kote mtaona dereva akiinua mkono na kuzungusha kidole juu, abiria wanashika chuma, boti inazunguka duara zima mahali pamoja. Watu wanadhani mzunguko ule ndio ufundi. Ule ni mchezo wa dakika moja. Mtalii aliyevuka bahari kwa ajili ya pori anastahili zaidi ya hapo. Anastahili injini izimwe, asikie mto, aambiwe mlima ule ni Pikirakatahi, ambao kwenye ramani nyingine mtauona kama Earnslaw, mita 2,830, na aambiwe kwa nini watu walilifuata bonde hili kabla ya boti yoyote.

Hapo nilitaka kukaa sana, lakini mwenyekiti ananionyesha saa. Kwa kifupi: walifuata pounamu, jiwe la kijani gumu la kutengenezea silaha, zana na mapambo. Mwaka 1997 sheria ya New Zealand ililirudisha jiwe hilo mikononi mwa Ngāi Tahu, kabila la Wamaori wa kule, na Ngāi Tahu ndio wenye kampuni inayoendesha boti za Dart. Kwa hiyo simulizi za bonde zinasimuliwa chini ya mwavuli wa wenye bonde, na faida inarudi kwao. Mwaka mwingine nipeni saa nzima kwa hili tu.

Bei na bima naziruka. Sheria nazo nitataja moja: kule huwezi kubeba abiria wa kulipa mtoni kwa boti ya jeti bila kufuata kanuni maalumu za serikali kuhusu boti hizo, na dereva anapewa leseni kwa kufunzwa na kupimwa mtoni. Wanaotaka kuleta boti hizi kwetu waanze na ukurasa huo. Kisha waniambie watafanya nini na viboko. Dart hauna kiboko. Mto wetu wa Rufiji, hapa Tanzania, unao, na kiboko hachoreki kwenye uso wa maji mpaka ameinua kichwa. Boti inayojua kugeuka kwa kuongeza mafuta tu, mbele ya kundi la viboko, mimi sitaipanda wala sitamruhusu mwanafunzi wangu aipande.

Lakini Rufiji una kitu kingine, na hili linaniuma. Una watu wanaosoma mchanga. Wanaendesha boti za watalii za kawaida, wanajua fungu limehamia wapi baada ya mafuriko, na hakuna aliyewahi kuwaketisha na kuyaandika wanayoyajua, wala chuo kilichowaita wafundishe. Tunatuma ujumbe ng'ambo kutazama mashine, na walimu tunao hapa.

Kwa hiyo wale mnaokwenda Rufiji kwa mafunzo ya vitendo mwezi ujao: msikae nyuma ya boti kupiga picha. Kaeni karibu na mwenye usukani, mumwamkie kwa heshima, mumuulize anatazama nini, na muandike majibu kwa maneno yake mwenyewe. Mkirudi, kabla ya ripoti ya chuo, nataka kuyaona madaftari hayo. Haya, mwenyekiti, naona mikono imekuwa mingi. Tuanze na yule dada wa mstari wa pili.