Itazame Mistari Kabla ya Namba: Kupima Ukuta wa Mshipa wa Shingo

Ndugu zangu wa vyumba vya ultrasaundi wa hapa Tabora, nanyi mliotoka Nzega, Urambo na Sikonge, karibuni.

Programu inayopima unene wa ukuta wa mshipa ikiandika milimita 0.72, usiinakili namba hiyo kwanza. Tazama imechora wapi.

Mlaze mgonjwa chali, shingo igeuke kidogo. Tumia probu (kile kifaa tunachokiweka juu ya ngozi) ya linia ya megahezi 7 au zaidi, kina cha picha sentimita 4. Karotidi, yaani mshipa mkubwa wa shingo unaopeleka damu kichwani, ilale mlalo kwenye skrini. Ukuta wa mbali, yaani ule wa chini kwenye picha, utaonyesha mistari miwili myeupe yenye ukanda mweusi katikati, mithili ya reli pale stesheni yetu. Kipimo huanzia ukingo wa juu wa mstari wa kwanza hadi ukingo wa juu wa mstari wa pili. Chagua kipande cha milimita 10, angalau milimita 5 kabla ya njia panda ya mshipa, upande wa moyoni.

Programu haijui mshipa. Inatafuta tu pale weusi unapogeuka weupe ghafla. Probu ikiinama, mstari wa kwanza hufifia, nayo hudandia ukungu wowote inaoukuta. Geini, yaani kiwango cha kung'arisha picha, ikizidi, weupe humwagikia kwenye damu. Ukikandamiza, mshipa hubonyea. Ukiona vena ya jirani (mshipa unaorudisha damu moyoni) imetoweka, legeza mkono na ongeza jeli. Penye utando ulionenepa kupita milimita 1.5, usiuchanganye kwenye wastani. Uripoti peke yake.

Sasa hesabu, maana hapa ndipo tunapodanganyika. Kina cha sentimita 4 kikigawanywa kwa pikseli 600, yaani nukta za picha, kila pikseli ni milimita 0.067. Basi mgonjwa aliyetoka 0.72 akafika 0.75 hajasogea hata pikseli moja. Tafadhali msimwambie ugonjwa umeongezeka!

Kupima unyumbufu, yaani jinsi mshipa unavyotanuka moyo unapopiga, ni kugumu zaidi. Kipenyo kikitoka milimita 6.0 hadi 6.5 moyo unapopiga, eneo la mshipa limeongezeka asilimia 17.4. Gawanya ongezeko hilo kwa tofauti ya presha ya juu na ya chini, iliyopimwa mgonjwa akiwa bado amelala. Lakini programu ikisoma 6.4 badala ya 6.5, ongezeko hushuka hadi asilimia 13.8. Kosa la milimita 0.1 limekula moja ya tano ya jibu. Kwa hiyo pima mapigo matatu au zaidi, chukua wastani.

Kwenye faili andikeni upande, pembe ya probu, kina na geini, ili atakayerudia kipimo mwakani aanzie palepale.