Geji ya ziada ifungwe wapi?

Ahsanteni. Kaeni, kaeni. Na huyo wa nyuma azime injini kwanza, tutaisikiliza baadaye.

Nimeombwa nizungumzie geji za ziada, yaani vipimo vya mshale vya presha ya oili, joto na umeme, kwenye magari ya zamani ya spoti. Kununua mnajua, soko la vipuri la Kiseka mnalifahamu kuliko mimi. Ugomvi wangu na nyinyi, na si wa leo, ni pale mnapozifunga. Mtu ana Triumph Spitfire inang'aa, rangi imepigwa upya, halafu geji zimening'inia chini ya dashibodi kwenye magoti ya abiria. Ukimuuliza anasema, "Fundi ndipo alipopata nafasi." Fundi kapata nafasi! Na macho yako je?

Tuanze na presha ya oili, maana hiyo ndiyo inayoua injini upesi. Spitfire ilitoka kiwandani bila geji hiyo, ina taa tu. Najua mtu atanyoosha mkono aniambie, "Mzee, taa si inatosha?" Haitoshi. Swichi yake kwa kawaida huiwasha taa hiyo presha ikishaanguka hadi psi (paundi kwa inchi ya mraba) 5 au 7 hivi. Injini iliyozoea 50 au 60 barabarani, ikifika hapo nawe umekanyaga mafuta, beringi za krenki zimeshaanza kusagika. Taa ile haikuonyi, inakupa pole.

Yuko bwana mmoja, simtaji ingawa namwona anacheka pale dirishani. Alikuwa anapanda milima ya Kabale, kona juu ya kona, na oili imepungua. Kila kona ndefu oili inakimbilia upande mmoja wa sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, pampu inavuta hewa, mshale unaanguka, kisha unarudi. Unaanguka, unarudi. Geji ilikuwa inasema yote hayo tangu chini ya mlima. Lakini ilikuwa kule kwa abiria, na abiria ni mama watoto, kalala. Injini ilipoanza kugonga ndipo bwana akainama kutazama. Unainamaje kwenye kona za Kabale, na lori linashuka mbele yako?

Kwa hiyo geji ya oili ikae juu, karibu na geji ya spidi, mahali unapoiona bila kugeuza shingo. Halafu fanyeni jambo ambalo watu wa mashindano wanalifanya miaka yote: izungusheni ndani ya tundu lake, hadi mshale ukiwa kwenye presha ya kawaida uelekee juu wima. Namba zitalala ubavu. Ziacheni zilale! Ukiwa kwenye mwendo husomi namba, unatazama mshale umesimama au umeinama. Mafundi wanalikataa hili, wanasema mteja atadhani wamefunga vibaya. Mteja mwelezeni.

Msiniambie habari ya nguzo ya kioo cha mbele. Raha mojawapo ya gari la zamani ni nguzo nyembamba. Ukibandika geji mbili pale, zinatosha kukuficha boda boda mzima anayekatiza kwenye makutano, na boda boda wa Kampala hahitaji msaada wa kujificha. Usiku mwanga wake unarudi kwenye kioo, unakuchoma macho.

Na msitoboe dashibodi ya asili, hasa ya mbao. Nendeni kwa mafundi wa Katwe, mkatiwe kibati kinachoshikwa na skrubu zilizopo tayari. Siku ukiuza gari unakifungua, na mnunuzi hakuti matundu. Mwenye Datsun 240Z ana bahati zaidi. Hiyo ndiyo gari aliyoshindia mbio za magari za Safari Rally za 1973 Shekhar Mehta, mtoto aliyezaliwa hapa hapa Kampala. Katikati ya dashibodi yake kuna matundu matatu yaliyomgeukia dereva, na moja lina saa. Saa ya nini? Simu unayo. Toa saa, itunze kabatini, weka geji pale.

Naona naonyeshwa muda, basi haraka haraka. Geji ya joto inaweza kukaa mbali kidogo, maana maji hayachemki kwa sekunde moja. Ila kumbukeni Kampala iko mita 1,200 hivi juu ya bahari, na maji yasiyo na presha huchemka kwenye nyuzi 96, si 100. Na mshale ukishuka ghafla kwenye foleni msishangilie, huenda maji yameisha na sensa iko hewani. Zile geji za joto zenye mrija mwembamba wa shaba, mrija huo msiukunje wala kuukata, urefu wa mrija ndio unaoamua geji ifike wapi. Geji ya ampea sitaki kuiona, umeme karibu wote wa gari unapita humo. Wekeni ya volti, pembeni kabisa, na waya wake uwe na fyuzi.

Taa za geji tutazitazama nje kwenye magari yenyewe. Wa Spitfire aanze.