Usharika Unapomtafuta Mchungaji

Bwana asifiwe. Wazee wangu wa kanisa, akina mama, vijana wa kwaya mlioahirisha mazoezi ya leo, na jirani zetu Waanglikana na Walutheri mliokuja kutusikiliza, karibuni sana. Nimeombwa nizungumzie jambo moja. Usharika mdogo wa Kipresbiteri, katika mji mdogo wa soko kando ya barabara kuu, umebaki bila mchungaji na unataka kumpata. Ufanyeje?

Jirani zetu wanalishangaa kidogo swali hili. Huku kanda ya kati ya Tanzania wengi wamelelewa katika Kanisa Anglikana. Wamisionari wa CMS, shirika la kimisionari la Waanglikana wa Uingereza, walifika Mpwapwa miaka ya 1870, na Dayosisi ya Tanganyika ya Kati ikaanzishwa mwaka 1927. Kwao mchungaji akistaafu, barua ya askofu inaleta mwingine. Sisi hatuna askofu. Mamlaka ya askofu kwetu yako mikononi mwa presbiteri, kikao cha wachungaji na wazee wa sharika za eneo zima, na waumini nao wana sauti yao. Sauti hiyo hailingani kila mahali. Yako makanisa ya mfumo wetu ambako ngazi za juu ndizo zinazopanga nani aende wapi. Uskoti na Marekani usharika wenyewe unaunda kamati, unatafuta na kupiga kura. Nitasema zaidi juu ya njia hii ya pili, kwa sababu ndiyo mnayotaka kuifuata, na kwa sababu haikupatikana bure.

Kitabu cha nidhamu cha kanisa la Uskoti cha mwaka 1560, ambacho John Knox, kiongozi wa matengenezo ya kanisa kule, alikuwa mmoja wa waandishi wake, kilisema wazi kwamba kumchagua mchungaji ni haki ya watu, kila usharika kwa nafasi yake. Lakini mwaka 1712 Bunge la Uingereza lilipitisha sheria iliyowarudishia matajiri wenye ardhi haki ya kuteua mchungaji wa parokia. Bwana mkubwa anaandika jina, watu wanampokea. Sasa sikilizeni yaliyotokea Auchterarder. Ni mji mdogo wa Uskoti, na parokia yake wakati huo ilikuwa na watu wapatao 3,000. Mwaka 1834 Earl wa Kinnoull, yaani bwana mkubwa mwenye cheo cha kurithi, aliteua mtu aitwaye Robert Young. Kwa desturi, waumini huweka sahihi kwenye karatasi ya wito ili kuonyesha kwamba wanamtaka. Karatasi ya Young ilipata sahihi za waumini wawili. Wakuu wa kaya waliokuwa na haki ya kupinga walikuwa 330, na 287 kati yao walimpinga.

Presbiteri ikakataa kumsimika. Young na Earl wakaenda mahakamani na wakashinda, na mwaka 1839 Baraza la Mabwana katika Bunge, lililokuwa mahakama ya mwisho ya rufaa, likathibitisha hukumu. Kanisa zima likajiuliza, nani mwenye sauti juu ya mimbari, waumini au mwenye mashamba? Tarehe 18 Mei 1843, pale Edinburgh, mwenyekiti wa Mkutano Mkuu alisoma hati ya kupinga, akatoka nje ya ukumbi, na wachungaji wakamfuata. Waliojitenga wakafika zaidi ya 450, na Thomas Chalmers akawa mwenyekiti wao wa kwanza. Waliacha nyumba, mishahara na majengo ya ibada. Kule Strontian mwenye ardhi aliwanyima kiwanja, wakatengenezewa kanisa la chuma linaloelea, likatiwa nanga kwenye mkono wa bahari, na waumini wakawa wanakwenda ibadani kwa mitumbwi. Sheria ile ya uteuzi ilifutwa mwaka 1874.

Nimekaa hapo kwa makusudi. Mkishika karatasi ya kura, mnashika kitu ambacho watu walipoteza paa la nyumba kwa ajili yake. Kwa hiyo ninaumia ninapoona usharika unafanya kazi hii harakaharaka, jina limetajwa na mtu mmoja mwenye uwezo, wengine wanaitikia kwa sababu ndiye aliyenunua bati. Huyo ni Earl mwingine.

Utaratibu wenyewe ni mfupi kuueleza. Mchungaji akiondoka, presbiteri inaweka mchungaji jirani awe msimamizi wa baraza lenu la wazee, maana ubatizo na Meza ya Bwana vinahitaji mchungaji hata kama mzee au mwinjilisti anaweza kuhubiri. Halafu mkutano wa waumini wote unachagua kamati. Nasema waumini wote. Wazee wasijichague wenyewe kwa wenyewe. Uskoti kamati hii haizidi watu 13. Ninyi mko wachache, saba wanatosha, lakini kati ya hao awepo kijana, awepo mama anayeuza nyanya sokoni, awepo mtu asiye na cheo chochote. Kamati inatafuta, inasoma, inauliza, inaomba, kisha inaleta jina moja mbele ya waumini.

Jina moja, narudia. Imeingia tabia ya kualika watahiniwa watatu wanne Jumapili tofauti, kila mmoja anahubiri, na watu wanalinganisha nani ana sauti nzuri. Hayo ni mashindano. Mtu anaweza kuwa na mahubiri mawili tu motomoto maishani mwake na akayahubiri kila anakoalikwa. Kamati iende kumsikiliza anakohudumu, bila kelele, ikae viti vya nyuma. Iulize wajane wa kule kama aliwahi kuwatembelea.

Kabla ya kutafuta mtu, kamati inaandika maelezo ya usharika wenu: mko wangapi, mnafanya nini, mna deni gani, mligombana juu ya nini. Hapa ndipo sharika nyingi zinapopamba. Na jambo linalofichwa kuliko yote ni fedha.

Niliwahi kukaa katika kikao ambapo mtahiniwa, kijana mpole, aliomba kuona daftari la sadaka. Mhazini, mama wa makamo, akalifungua mwezi wa Agosti. Kurasa zimejaa. Kijana akasema, "Mama, samahani, naomba tuone na Februari." Mama akawatazama wazee kwanza, kisha akafunua. Jumapili nzima ilikuwa na noti chache, na chini yake kwa kalamu nyekundu: kuku mmoja, mayai, nusu debe la mtama, vilivyopigwa mnada nje baada ya ibada. Basi. Kijana hakushtuka. Aliuliza kama kuna ekari mbili anazoweza kulima, na kama mshahara unaweza kupangwa kufuata mavuno.

Kila mkulima wa Dodoma anauelewa ukurasa ule. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia Desemba hadi Aprili. Alizeti, mtama na mahindi vikishatoka shambani, fedha inaonekana kuanzia Juni. Januari kuna sare na madaftari ya watoto, na Februari ghala liko tupu. Ahadi ya mshahara ulio sawa miezi yote kumi na miwili, katika usharika wa wakulima, huvunjika kwenye mwezi wa pili, na mchungaji anaanza kukopa dukani kwa muumini wake. Akishakopa kwake, atamkemeaje? Wale wazee waliandika mkataba wa aina nyingine: kiasi kidogo cha fedha pamoja na magunia ya nafaka wakati wa kiangazi cha mfuko, na kiasi kikubwa baada ya mavuno, na sehemu ikawekwa akiba Agosti kwa ajili ya Februari. Presbiteri ikausoma na kuukubali. Hilo la presbiteri ni la lazima, kwa sababu mchungaji wa Kipresbiteri ni mjumbe wa presbiteri. Usharika haumfukuzi wenyewe, naye haondoki mwenyewe.

Mama mmoja ameniuliza kwa karatasi kama kamati inaweza kumfikiria mwanamke. Inaweza, dada yangu. Nyambura Njoroge aliwekwa wakfu na Kanisa la Presbyterian la Afrika Mashariki mwaka 1982, wa kwanza katika kanisa lile. Akija mtahiniwa mwanamke, aulizwe maswali yale yale anayoulizwa mwanamume. Habari za kuolewa na kuzaa ziacheni.

Na mchungaji wa muda anayewashikilia sasa? Mpendeni, mlipeni nauli yake. Lakini desturi ya Wapresbiteri wa Marekani ni kwamba kwa kawaida mchungaji wa muda hagombei nafasi ile, na mimi naiunga mkono. Kazi yake ni kuwaambia ukweli ambao mtu anayetaka kubaki angeogopa kuusema.

Siku ya kura, piga kura ya siri. Kumi wakikataa kati ya sitini, kamati iwafuate hao kumi nyumbani kwao kabla mchungaji hajapakia mizigo. Na kabla ya hapo, mama mhazini alete daftari la mwaka mzima kwenye mkutano wa kuchagua kamati, Februari ikiwemo, lisomwe kwa sauti mbele ya wote. Nimemaliza; nayasubiri maswali yenu.