Zimeni Injini Mshuke: Mhadhara kwa Wasafiri wa RV (Magari-Nyumba) Waendao Badlands

Jamani, hili nalisema kila nikipewa maiki na leo nalirudia: Badlands, hifadhi ya taifa huko South Dakota, Marekani, haitazamwi kwenye kioo cha gari. Mtu anaacha barabara kuu ya I-90 pale Cactus Flat, anaifuata ile barabara ya 240 inayopita hifadhini hadi mji wa Wall, saa moja na nusu kashamaliza, kapiga selfi zake huyo anakimbilia Mount Rushmore, ule mlima wenye sura za marais. Ukimuuliza anakwambia ni vilima vikavu tu. Vilima vikavu!

Tuanze na rangi. Simama kwenye vilima vya Yellow Mounds. Ile njano ya chini ilikuwa tope jeusi la sakafu ya bahari, ndiyo, bahari, huko huko South Dakota. Bahari ikajitoa, tope likapigwa jua na mvua hadi likageuka manjano, juu yake kuna wekundu ambao ni udongo wa msitu wa kale. Inua macho, kijivu kile ni tope la mito iliyokuwa ikifurika, na humo ndimo inamolala mifupa ya brontotheri, mnyama mkubwa wa umbo la kifaru. Juu zaidi utaona mstari mweupe, hayo ni majivu ya volkano yaliyoletwa na upepo kutoka magharibi, miaka kama milioni 30 iliyopita. Sasa chuchumaa, shika udongo wenyewe. Ganda la juu limekauka likatutumka kama bisi, ukilibonyeza linasagika mkononi. Mvua ikinyesha linavimba, linateleza, linakwenda na maji hadi mto White River, ndo maana kuta hizi zinaliwa karibu inchi 1 kila mwaka. Unachokiona leo mjukuu wako hatakikuta hivyo hivyo, na wewe unapita mbio!

Najua mtaniambia barabarani kuna vituo vya kutazamia. Vipo, lakini mnasimama saa ngapi? Saa sita mchana, jua la utosini, rangi zote zimefifia. Paki kwenye kambi ya Cedar Pass, lala hapo, alfajiri utoke kabla jua halijachomoza uone wekundu unavyowaka mstari kwa mstari. Kutembea nje ya njia kunaruhusiwa, hifadhi chache kubwa zinakupa uhuru huo.

Mwingine atasema ana watoto wadogo. Sasa si ndo uwashushe! Njia ya miguu ya Door Trail inaanza na sakafu ya mbao, hata kiti cha magurudumu kinapita. Na mwaka 2010 binti wa miaka 7 ndiye aliyeona fuvu la mnyama wa kale mfano wa paka mwenye meno ya jambia, karibu kabisa na kituo cha wageni. Yeye na familia yake hawakulichimba, wakawaambia askari wa hifadhi, na nyie fanyeni hivyo hivyo.

Naona naonyeshwa saa, basi haraka haraka. Kambi ya Sage Creek ni bure ila barabara ni ya changarawe, gari la zaidi ya futi 18 haliruhusiwi na maji hakuna. Turubai la ubavuni mwa gari likunje kabla hujalala, upepo wa kule hauna adabu. Moto wa kuni marufuku. Baisoni, kaa mbali mita 90. Upande wa kusini ni ardhi ya Oglala Lakota, wenyeji wa asili wa Marekani, jeshi liliichukua 1942 likafanyia mazoezi ya mabomu, hilo linataka mhadhara wake, ila ukienda huko ukakuta chuma usichokielewa usikiguse, katoe taarifa.